Mpangaji anapouziwa nyumba ya umma: Faida, masharti na mitego

MTUMISHI wa umma aliyezaliwa Itumbe, katika milima ya majani chai ya Kaunti ya Kisii, aghalabu huwa na makao mawili. Ya kwanza ni nyumba ya kwao, iliyosimama kwenye kipande cha shamba alichogawiwa na babake, ambako mila ya Abagusii humtaka awe na paa lake hata kama halali chini yake zaidi ya siku kumi kwa mwaka. Ya pili ni nyumba ya serikali au ya kaunti mjini Kisii, Kisumu, Nakuru au Nairobi. Humo amelipa kodi mwezi baada ya mwezi kwa miaka ishirini, akalea watoto, akapaka rangi kuta kwa pesa zake mwenyewe, na siku ya kustaafu atatakiwa kurejesha funguo na kuondoka.

Je, mtu kama huyo apewe nafasi ya kuinunua nyumba hiyo, tena kwa bei iliyo chini ya ile ya sokoni? Swali hilo limezuka mara nyingi nchini Kenya tangu enzi za ukoloni, na majibu yamebadilika kila serikali ilipobadilika. Uingereza ilijibu ndiyo mnamo 1980, kisha sehemu za nchi hiyo zikaghairi. Tanzania ilijibu ndiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000, na lawama hazijakwisha hadi leo.

Kwa wakazi wa Gusii jambo hili si la anasa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na wengine 605,576 katika Kaunti jirani ya Nyamira. Kisii pekee ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba, idadi inayokaribia ya mji kuliko ya mashambani. Shamba la ekari mbili likigawanywa kwa wana wanne, anayebaki na nusu ekari ya michai hawezi kulitegemea kuwasomesha watoto wake. Wengi hulazimika kutafuta maisha ya kudumu mjini, na mjini kitu cha kwanza kinachomwondoa mtu ni kodi.

AINA MBILI ZISIZOFANANA

Watu wengi huchanganya mipango miwili ambayo, ingawa yote humfanya mpangaji kuwa mwenye nyumba, haifanani kamwe.

Wa kwanza ni ule wa punguzo la bei. Nyumba hukadiriwa thamani yake na mthamini, kisha mpangaji aliyeishi humo kwa muda uliowekwa na sheria hupunguziwa sehemu ya bei hiyo. Kadiri alivyokaa kwa muda mrefu ndivyo punguzo linavyokua. Hulipa bei iliyosalia mara moja, kwa kawaida kwa mkopo wa benki, na siku hiyo hiyo huwa mmiliki.

Wa pili, ambao ndio uliozoeleka zaidi Kenya, ni ule wa mpangaji mnunuzi. Mtu huingia nyumbani akiwa amelipa kiasi kidogo cha mwanzo, kisha kila anacholipa mwezi huhesabiwa kuwa sehemu ya bei. Machoni pa majirani anaonekana kama mpangaji mwingine yeyote, lakini kwenye vitabu vya shirika deni lake linapungua. Hatimiliki huipata baada ya shilingi ya mwisho, na hadi siku hiyo nyumba ni ya shirika.

Katika mpango huu wa pili bei yenyewe huenda isipunguzwe hata kidogo. Unafuu hujificha mahali pengine: ardhi ya umma ambayo gharama yake haikujumlishwa, barabara na maji taka yaliyolipiwa na serikali, na juu ya yote, riba ya chini. Ni vyema msomaji aitazame hesabu, kwa kuwa ndiyo kiini cha suala lote.

Tuchukue nyumba ya Sh1,000,000. Mnunuzi analipa asilimia 10, yaani Sh100,000, na anabaki na deni la Sh900,000 la kulipwa kwa miaka 30. Kwa riba ya asilimia 3 kwa mwaka, atalipa takriban Sh3,800 kila mwezi. Kwa riba ya asilimia 13, ambayo si ya ajabu katika benki za Kenya, malipo yanaruka hadi karibu Sh10,000. Nyumba ni ile ile na bei ni ile ile, lakini karani wa mshahara wa Sh25,000 anaimudu ya kwanza, na ya pili inamshinda kabla hajanunua unga. Ndiyo sababu wataalamu wa nyumba humwambia mnunuzi aulize riba kwanza, kisha bei.

TANGU ENZI ZA MKOLONI

Serikali ya kikoloni haikutaka Mwafrika awe mkazi wa kudumu wa mji. Alihesabiwa kuwa mfanyakazi wa muda ambaye kwao ni katika hifadhi, na nyumba alizojengewa zilikuwa vyumba vya kulala wanaume wasio na familia. Mawazo hayo yalianza kubadilika baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wafanyakazi walipogoma na miji ikafurika. Mnamo 1953 iliundwa Bodi Kuu ya Nyumba, ambayo baada ya uhuru iligeuzwa kuwa Shirika la Nyumba la Taifa, linalofahamika zaidi kwa herufi NHC. Mitaa ya Ofafa iliyojengwa Nairobi katika miaka hiyo ya 1950 ilipewa jina la Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka huo wa 1953 wakati wa Hali ya Hatari.

Serikali huru ilirithi nyumba hizo za kupangisha, na hapo mkondo mpya ukaanza. Badala ya kuendelea kujenga nyumba za kodi pekee, NHC na mabaraza ya miji yalianza kujenga za kuuzwa kwa mpango wa mpangaji mnunuzi. Mtaa wa Umoja, Nairobi, uliojengwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo uliodhaminiwa na Marekani, ndio mfano unaotajwa sana. Dandora, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 1975, ulikwenda mbali zaidi: mtu alipewa ploti yenye maji na msala, akajijengea mwenyewe polepole.

Aliyepita Umoja hivi karibuni anajua yaliyofuata. Wengi wa walionunua walipanda juu, ghorofa juu ya ghorofa, nao wakageuka landilodi. Nyumba iliyojengewa familia moja sasa ina familia kumi. Wapo wanaosema hiyo ni dalili ya ufanisi, kwamba mtu wa kipato cha chini alipewa mtaji akautumia. Wapo wanaosema mtaa uliharibika. Pande zote mbili zina hoja, ila jambo moja halina ubishi: familia zilizopata nyumba hizo wakati ule ziliwaachia watoto wao kitu ambacho mshahara pekee usingewapa.

Mambo hayakuwa safi kote. Katika miaka ya 1990 nyumba na viwanja vya umma viligawiwa wanasiasa na marafiki wao kana kwamba ni zawadi za harusi. Tume ya Ndung'u, iliyowasilisha ripoti yake kwa Rais Mwai Kibaki mnamo 2004, ilieleza kwa kirefu jinsi ardhi ya umma, zikiwemo nyumba za serikali, ilivyotolewa kinyume cha sheria. Mpangaji halisi mara nyingi alikuwa wa mwisho kujua kwamba nyumba anamoishi ina mwenyewe mpya.

Mwaka huo huo wa 2004 serikali ya Narc ilianzisha Hazina ya Mpango wa Nyumba za Watumishi wa Umma, na ikaamua kuuza nyumba zake ambazo hazikuhesabiwa kuwa muhimu kwa utendaji kazi. Watumishi waliokuwa wakiishi humo walipewa nafasi, na mkopo wa hazina hiyo ulikuwa wa riba ya asilimia 5, nafuu kubwa ikilinganishwa na benki. Hata hivyo mpango ulikuwa wa watumishi wa umma. Mchuuzi wa ndizi au fundi wa baiskeli hakuwa na mlango wa kuingilia, na hata miongoni mwa watumishi, aliyekuwa amekaribia umri wa kustaafu (ambao wakati huo ulikuwa miaka 55, kabla ya kuongezwa hadi 60 mnamo 2009) alikuwa na miaka michache mno ya kulipa deni.

SOMO LA WAINGEREZA

Uingereza iliuza nyumba za umma kwa punguzo kwa kiwango kikubwa. Sheria ya Nyumba ya 1980, iliyopitishwa na serikali ya Margaret Thatcher, ilimpa mpangaji wa nyumba ya baraza haki ya kuinunua hata kama baraza lenyewe halikutaka kuuza. Aliyekaa miaka mitatu alipunguziwa asilimia 33 ya thamani. Kila mwaka wa ziada uliongeza asilimia moja, hadi kikomo cha asilimia 50 kwa aliyekaa miaka 20. Baadaye vikomo viliongezwa, na kwa wakazi wa ghorofa punguzo likafikia asilimia 70.

Waliojitokeza walikuwa wengi ajabu. Nyumba zilizouzwa England pekee zinakaribia milioni mbili. Madereva wa basi, wauguzi na wafanyakazi wa viwandani, ambao wazazi wao hawakuwahi kumiliki hata banda, walibadilisha milango na kupaka rangi mpya kama ishara kwamba mambo yamebadilika. Kisiasa, ulikuwa mpango uliopendwa kuliko karibu mingine yote ya serikali hiyo.

Tatizo lilikuwa upande wa pili wa daftari. Mabaraza yaliuza kwa bei ya chini, na serikali kuu ikayazuia kutumia sehemu kubwa ya mapato hayo kujenga nyumba nyingine. Kila nyumba iliyouzwa ilitoka kwenye hesabu ya nyumba za kupangisha na hakuna iliyoingia mahali pake. Orodha za wanaosubiri zikarefuka. Isitoshe, nyumba nyingi zilizonunuliwa kwa punguzo hatimaye ziliuzwa kwa wafanyabiashara ambao leo huzipangisha kwa kodi ya soko, wakati mwingine kwa familia zinazolipiwa na serikali ile ile iliyoziuza.

Scotland ilifuta haki hiyo mnamo Agosti 1, 2016, na Wales ikafuata Januari 26, 2019. England haikuifuta, lakini kuanzia Novemba 21, 2024 kiwango cha juu cha punguzo kilishushwa hadi kati ya pauni 16,000 na 38,000 kutegemea eneo. Kabla ya hapo mnunuzi wa London angeweza kupunguziwa zaidi ya pauni 136,000.

Jambo moja la Uingereza linalofaa kuigwa ni sharti la kurejesha punguzo. Hesabu yake ni rahisi. Nyumba ya thamani ya Sh2,000,000 ikiuzwa kwa mpangaji kwa punguzo la asilimia 40, atailipia Sh1,200,000. Akiiuza kesho yake kwa bei ya soko, amejitia kibindoni Sh800,000 za umma bila kutoa jasho. Waingereza waliweka sharti kwamba anayeuza ndani ya miaka michache ya mwanzo arudishe punguzo, lote au sehemu yake, kadiri miaka inavyopita. Pasipo sharti la aina hiyo, anayefaidi mara nyingi si mpangaji bali ni tajiri aliyemkopesha pesa za kununua kwa makubaliano ya kando.

YALIYOWAPATA MAJIRANI

Tanzania iliuza zaidi ya nyumba 7,900 za serikali kuanzia 2002, wakati wa utawala wa Rais Benjamin Mkapa, chini ya Wizara ya Ujenzi iliyoongozwa na John Magufuli. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuwapa watumishi wa umma makao na kuipunguzia serikali gharama za matengenezo. Wakosoaji walilalamika kwamba nyumba za maeneo ya thamani jijini Dar es Salaam ziliuzwa kwa bei ya kutupa, na kwamba serikali ilibaki bila mahali pa kuwaweka watumishi wapya. Suala hilo lilimfuata Magufuli hadi kwenye kampeni za urais za 2015, ambazo alishinda.

Uganda nayo iliuza nyumba za serikali kwa waliokuwa wakiishi humo katika miaka ya 1990. Kisa cha kusikitisha ni cha mitaa ya Nakawa na Naguru jijini Kampala, iliyojengwa enzi za Mwingereza. Huko wapangaji hawakuuziwa nyumba walizokuwamo. Waliahidiwa kwamba mitaa itavunjwa, ijengwe upya, na wao wawe wa kwanza kupata nyumba mpya. Mnamo Julai 2011 walifukuzwa na nyumba zikabomolewa. Miaka ikapita kabla ya majengo mapya kuonekana, na baadhi ya waliokuwa na ahadi walifariki wakiwa wapangaji kwingine.

Zanzibar ilichagua njia ya pekee. Majengo marefu ya Michenzani, yaliyoanzishwa wakati wa Rais Abeid Karume kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yaligawiwa wananchi bila malipo. Lakini zawadi hiyo ilikuja na swali ambalo kila ghorofa iliyouzwa duniani imewahi kukutana nalo: paa likivuja au bomba kuu likipasuka, ni nani alipe? Mwenye nyumba ya chini haoni tone la mvua. Mwenye ya juu hawezi kulitengeneza paa peke yake.

Kenya ilijaribu kulijibu swali hilo kwa Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 1987, na baadaye ikaifuta na kuweka nyingine ya 2020, iliyoanza kutumika Desemba mwaka huo. Chini ya sheria hiyo mwenye nyumba ghorofani anaweza kupata hatimiliki yake binafsi, na wamiliki wote wa jengo huunda shirika linalosimamia ngazi, paa, lifti na uwanja. Anayenunua nyumba ya ghorofa kutoka kwa umma anapaswa kukumbuka kwamba ada ya shirika hilo haiishi deni linapokwisha. Kuna wastaafu waliomaliza kulipia nyumba zao na sasa wanasumbuliwa na ada hiyo zaidi ya walivyosumbuliwa na mkopo.

SHERIA INAVYOSEMA

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofikika na yanayofaa. Hakisemi kwamba kila mpangaji ana haki ya kuuziwa nyumba anamoishi. Wapangaji wa kaunti husikika mara kwa mara wakidai kwamba, kwa kuwa wamelipa kodi kwa miaka arobaini, nyumba imekuwa yao. Madai hayo yana uzito wa kibinadamu, lakini mbele ya sheria kodi ni kodi. Haiwi malipo ya ununuzi ila kwa mkataba unaosema hivyo.

Aidha, Kifungu cha 62 kinakataza ardhi ya umma kuuzwa au kutumiwa kwa namna nyingine ila kwa mujibu wa sheria iliyopitishwa na Bunge. Maana yake ni kwamba gavana, diwani au afisa wa nyumba hawezi kuamka asubuhi akawauzia wapangaji mtaa. Barua yenye muhuri haitoshi. Ahadi ya mkutano wa kampeni haitoshi kabisa.

Hapa ndipo hatari kubwa ilipo kwa mnunuzi. Kifungu cha 40 cha Katiba kinalinda mali ya mtu, lakini kinaongeza kwamba ulinzi huo hauhusu mali iliyothibitishwa kupatikana kinyume cha sheria. Mnamo Aprili 2023, katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hatimiliki pekee haimwokoi mtu ikiwa chanzo chake ni ugawaji haramu wa ardhi ya umma. Kampuni hiyo ilidai kwamba ilinunua kwa nia njema, kutoka kwa aliyekuwa na hati. Haikufua dafu. Kwa aliyenunua nyumba ya umma kutoka kwa mtu aliyeipata kwa njia za mkato katika miaka ya 1990, uamuzi huo ni wa kumnyima usingizi.

Mnunuzi mwangalifu kwa hivyo haishii kwenye utafutaji wa jina katika masjala ya ardhi. Huuliza pia nyumba ilitokaje mikononi mwa umma: ni sheria ipi iliyoruhusu mauzo, nani aliyekadiria thamani, na stakabadhi za malipo ziko wapi. Stakabadhi hasa. Mashirika hubadilika majina, mabaraza ya miji yalivunjwa na kaunti zikaanza kazi mnamo 2013, na majalada mengi yalihamishwa ofisi. Mwananchi asiye na risiti zake hana cha kuonyesha ila kumbukumbu, na kumbukumbu hazikubaliki dirishani.

MKE ALIYEBAKI ITUMBE

Lipo jambo moja ambalo mijadala ya nyumba hulipita haraka, nalo linawagusa moja kwa moja watu wa Itumbe. Katika familia nyingi za Gusii mume hufanya kazi mjini na mke hubaki nyumbani. Yeye ndiye anayechuma chai, anayeipeleka kwenye kituo cha kununulia, na ambaye bonasi ya mwaka kutoka kiwanda cha chai cha Itumbe hulipa karo. Kwa kuwa karo imelipwa na chai, mshahara wa mume unaweza kukatwa kulipia nyumba ya mjini. Mkataba wa ununuzi, hata hivyo, una jina moja tu.

Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inamtambua mwanamke huyo. Inasema mchango wa mwanandoa si pesa pekee. Kazi za nyumbani, ulezi wa watoto, usimamizi wa mali ya familia na kazi ya shambani ni mchango pia. Makao ya ndoa hayawezi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila idhini ya mwenzake. Lakini Mahakama ya Juu iliamua mnamo Januari 2023 kwamba sheria haigawi mali nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja hupata kulingana na mchango aliouthibitisha. Kwa mke wa shambani, kuthibitisha kwamba majani chai ndiyo yaliyonunua nyumba ya Nairobi ni kazi ngumu kama hakuna karatasi. Njia nyepesi ni majina yote mawili kuandikwa kwenye mkataba tangu siku ya kwanza, jambo ambalo maafisa wengi hawalipendekezi na waume wengi hawaliulizi.

Kifo nacho huleta mtafaruku wake. Mpangaji wa kawaida akifariki, familia haina hakika ya kubaki, kwa kuwa upangaji ni wa mtu aliyetia saini. Mpangaji mnunuzi akifariki katikati ya malipo, alichokwisha kulipa ni sehemu ya mirathi yake, na warithi wanaweza kuendelea kulipa mkataba ukiruhusu. Baadhi ya mikataba huambatana na bima inayolipa salio la deni. Mingine haina. Tofauti hiyo huandikwa kwa maandishi madogo, na mara nyingi mjane hulijua jambo hilo baada ya matanga.

TOZO YA NYUMBA NA WAKAZI WA MASHAMBANI

Mjadala ulirejea kwa kishindo wakati wa serikali ya Rais William Ruto. Mahakama Kuu iliharamisha tozo ya nyumba mnamo Novemba 2023, lakini Bunge lilipitisha Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, ambayo Rais aliitia saini Machi 19, 2024. Mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake wote na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Makundi ya wanunuzi yaligawanywa kwa mapato: nyumba za kijamii kwa wanaopata chini ya Sh20,000 kwa mwezi, za bei nafuu kwa walio kati ya Sh20,000 na Sh149,000, na nyingine kwa walio juu ya hapo. Mnamo Mei 2025 nyumba 1,080 za kwanza za mpango huo zilikabidhiwa wakazi mtaani Mukuru, Nairobi.

Mpango huu, kimsingi, ni ule ule wa mpangaji mnunuzi wa miaka ya 1970 ukiwa na mfuko mkubwa zaidi. Somo la Uingereza kuhusu kuuza upya limezingatiwa kwa kiasi fulani: sheria, ilivyopitishwa 2024, ilimkataza mnunuzi kuuza nyumba yake bila idhini ya maandishi ya bodi inayosimamia hazina. Sharti hilo lina makali pande mbili. Linamzuia mlanguzi, na pia linamfunga mwalimu aliyehamishiwa kaunti nyingine na anayetaka kuuza ili anunue aendako.

Kuna ukweli mwingine usiopendeza. Anayekatwa tozo hahakikishiwi nyumba. Mwalimu wa shule ya msingi karibu na Itumbe hukatwa kila mwezi sawa na mwenzake wa Nairobi, ilhali yeye anaishi kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe na hana haja ya chumba mjini. Kwake tozo hiyo ni msaada anaoutoa kwa mpangaji wa Mukuru, awe amependa au hajapenda.

Sheria hiyo ina jibu, angalau kwenye karatasi. Imetaja aina ya nne ya nyumba, ya mashambani, kwa anayeishi nje ya maeneo ya miji. Kwa mkazi wa Itumbe, ambaye ardhi anayo tayari ingawa ni finyu, msaada wa maana ungekuwa mkopo wa riba ya chini wa kumalizia nyumba aliyoianza, akanunue mabati, saruji na tangi la maji. Wakulima wa eneo hilo wana uzoefu wa kuvuka kutoka utumiaji hadi umiliki: shirika la chai la KTDA lilipogeuzwa kutoka mamlaka ya serikali kuwa kampuni mnamo 2000, wao ndio waliobaki wenye hisa za viwanda wanavyopelekea majani. Wanajua, kwa mfano, kwamba cheti cha hisa kabatini hakimpi mtu sauti ikiwa hahudhurii mkutano wa mwaka.

Kwa aliye na nafasi ya kununua nyumba ya umma leo, maswali ya kuuliza kabla ya kutia saini ni haya: riba ni ngapi na inaweza kubadilishwa na nani, ada ya matengenezo imejumlishwa au la, akikosa kulipa miezi mitatu atapoteza nyumba pekee au na pesa alizokwisha kulipa, hatimiliki itatolewa baada ya muda gani tangu malipo ya mwisho, na ni jina la nani litakaloandikwa juu yake. Afisa asiyeweza kuyajibu kwa maandishi aombwe amwite mkubwa wake.